Hati Yenye Majina Mawili

Vazari, tarehe tisa Februari

Dada Mustia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa sina hakika kama bado nina ruhusa ya kulitaja. Najua umeshasikia. Gududi na nyumbu zake hawawezi kufikisha mafuta Karthago bila kufikisha na habari za watu. Lakini nataka uisikie kwangu mwenyewe.

Asubuhi ile walipokuchukua mimi nilikuwa kinuni, mikono imejaa mashudu ya zeituni. Nilipofika sokoni gari lilikuwa limeshaondoka. Waliokuwepo wakaniambia kwamba ulipoletwa mbele ya sanamu ya Kaisari na kuambiwa ufukize ubani, ulijibu neno moja tu, "Siwezi," kama mtu aliyeombwa kuazimisha sufuria. Wanasema watu walicheka.

Mchana wakaita wenye nyumba, mmoja mmoja. Likaitwa jina la baba, nikatoka mimi. Palikuwa na foleni, Dada, tena foleni ya watu wetu. Wengine walikuwa wanasukumana wamalize mapema. Nilikuwa nimeshapanga la kusema, nikalirudia moyoni njia nzima. Nilipofika mbele, askari alinishika mkono, wala hakunibana, akaniwekea punje za ubani vidoleni. Vidole vikafunguka juu ya moto. Basi. Sikupigwa. Ningependa sana kukuambia kwamba nilipigwa. Wakanipa hati yenye mhuri kwamba nimetii amri, nikarudi nyumbani nikawalisha mbuzi.

Siku ya Bwana tunasimama nje ya mlango, sisi tuliofukiza. Tuko kumi na tisa. Tunasikia masomo, tunasikia mahubiri, kisha shemasi anatoka kutuambia twende zetu, mlango unafungwa, na walio ndani wanabaki na mkate. Mzee Nampulo hupita mbele yangu bila kunitazama, na ndiye aliyenibatiza. Nadhani anaona aibu kwa niaba yangu.

Mke wa Birikti mfumaji amepata barua ya amani kutoka kwa mmoja wenu huko gerezani. Wanasema ninyi mliolikiri Jina mbele ya hakimu mkafungwa, neno lenu kwa askofu lina uzito, na mkimwandikia kwamba mmemsamehe mtu, huyo anaweza kurudishwa ndani. Mimi sikuombi. Nakuambia tu kwamba jambo hilo lipo.

Nimemkabidhi Gududi mikate ya shayiri, tini kavu na lile blanketi zito. Ule wewe, usigawe vyote.

Mdogo wako,
Idibali


Karthago, gerezani, tarehe ishirini na nne Februari

Idibali mdogo wangu,

Blanketi limefika, mikate imefika, tini zimefika nusu. Mwambie Gududi namwombea kila siku, tena kwa kumtaja jina.

Eti "sikuombi, nakuambia tu kwamba jambo hilo lipo." Tangu una miaka mitano ndivyo ulivyokuwa ukiomba asali.

Niliposikia habari zako nilikukasirikia siku tatu. Nilisema, mtoto niliyemfundisha kusali kabla hajajua kujifunga mkanda, ndiye huyu? Kisha nikachoka kukasirika, maana humu hata nafasi ya kukasirika vizuri hakuna. Tumelala ubavu kwa ubavu, na mtu mmoja akigeuka wote tunageuka. Nikakaa nikawaza ulivyo. Wewe hata kuku hukuwahi kuchinja bila kutetemeka. Nikajisemea, mimi nilitazamia nini?

Barua ya amani hiyo hapa ndani, imekunjwa peke yake. Nimeandika hivi: "Mimi Mustia, mjane wa Vazari, niliyelikiri jina la Bwana mbele ya hakimu, namwomba askofu wetu ampokee tena ndugu yangu Idibali. Ameanguka, na amelia vya kutosha." Hilo la kulia nimeliongeza ili isikike vizuri. Natumaini ni kweli.

Sisi hatujambo. Maji yapo, ila yanaletwa mara moja kwa siku na ni machache, kwa hiyo tumejifunza kunyamaza mchana ili midomo isikauke. Kwangu mimi hilo ndilo teso kubwa, wewe unanijua. Mama Donata alitutoka wiki iliyopita, na juzi mfua shaba mmoja wa hapa mjini. Wamekwenda kwa kiu tu, wala si kwa upanga, na nyuso zao zilikuwa shwari. Kikohozi changu ni kile kile cha kila mwaka.

Usinihurumie, tafadhali. Miaka ishirini nimekuwa mtu wa kuosha vyombo baada ya karamu za kanisa. Sasa na mimi nimepewa kiti mezani, na sitaki kukiacha. Ukinipenda, niombee nikae humo mpaka mwisho.

Dada yako,
Mustia


Vazari, tarehe nane Machi

Dada,

Barua ya amani nimempelekea Mzee Nampulo. Aliisoma akiwa amesimama, akaubusu uzi ulioifungia, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale akanitazama usoni. Anasema askofu bado amejificha na anayejua alipo hasemi, lakini itamfikia kabla ya Pasaka. Nilifurahi siku nzima. Niliimba kinuni mpaka wenzangu wakaniambia nyumbu wanaogopa.

Kisha Gududi akanieleza. Hakutaka, nilimbana. Anasema alipofika kwenye dirisha la gereza alitokea mwanamke mzee, yeye akamwambia, "Mama, niitie Mustia wa Vazari," na yule mwanamke akacheka. Dada, Gududi anakufahamu miaka kumi na miwili. Anasema ulikohoa kwenye kitambaa ukakificha, naye alikiona kilivyokuwa.

Wewe unaniandikia kana kwamba uko arusini. Nimeisoma barua yako tena na tena, na kila nikirudi pale ulipoandika "maji yapo" naikunja barua. Mimi nakaa hapa na mtungi umejaa mlangoni. Siwezi kuja kukuona, maana wafungwa hawampokei dirishani mtu aliyefukiza. Siwezi hata kukuombea nikiwa ndani ya kanisa. Sina ninaloliweza.

Nimempa Gududi kifurushi kingine, cha karani wa gereza. Usiulize ni nini. Ni katika kukutunza tu.

Idibali


Karthago, kwa Arishati msokota sufu, tarehe kumi na tisa Machi

Idibali,

Wamenitoa.

Jana mchana mlinzi alikuja mlangoni na hati mkononi, akaita, "Mustia binti Baliatoni, wa Vazari." Nikajua saa yangu imefika. Sikuogopa, nakuapia. Niliwaaga wenzangu, wakanibusu mmoja baada ya mwingine, nikafunga kitambaa changu vizuri, nikaenda kusimama mbele yake.

Akasema, "Mama, wewe ulishafukiza zamani. Mbona ulikuwa unatusumbua bure? Nenda kwako." Kisha akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote: jina langu, jina la baba, mji, siku, mhuri wa wakuu wa Vazari. Nikasema ni uongo. Nikasema leteni ubani hapa hapa nikatae tena mkiniona. Akacheka, akasema ana kazi nyingi. Wakanibeba wawili, mmoja mabega na mmoja miguu, na sikuwa na uzito hata wa kuwachosha.

Nilipogeuza kichwa niliwaona wenzangu. Namgide, ambaye nilikuwa nampa nusu ya maji yangu kwa sababu ananyonyesha, alikuwa anajifuta mdomo ule alionibusu nao.

Huyu Arishati amenipokea kwa kuwa si wa kwetu na hajui tofauti. Ananipa supu ya dengu na kuniuliza mbona mtu aliyefunguliwa analia. Leo nimekutana njiani na dada mmoja wa kanisa la hapa, nikamsalimia, akavuka upande wa pili.

Idibali, nani ameliandika jina langu? Kuna mtu hapo Vazari ananichukia kiasi hiki? Wewe unawajua watu wa sokoni. Uliza. Mtafute aliyefanya hivi, mpeleke mbele ya Mzee Nampulo akaseme ukweli, maana nikikaa na jina hili nitakufa vibaya kuliko kule nilikotoka. Nakutegemea wewe, sina mwingine.

Mustia


Vazari, tarehe thelathini Machi

Dada Mustia,

Usimtafute mtu. Ni mimi.

Siku ile nilipokwisha kufukiza, karani aliniuliza, "Nyumbani kwako yuko nani?" Nikajibu, mimi na dada yangu. Nilijibu kama mtu anavyojibu akiulizwa. Akaandika majina yote mawili, kwa kuwa mwenye nyumba akifukiza huhesabiwa amefukiza kwa ajili ya wote waliomo. Nililiona jina lako wino haujakauka. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, huyo ameshapelekwa Karthago kwa kukataa." Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba ni woga tu, lakini ndani nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba hati hiyo ingefaa siku moja.

Nilipokuandikia Februari nilikuficha. Kisha Gududi akanieleza habari za kitambaa, na mimi nikamfungia hati hiyo ampelekee karani wa gereza. Gududi hakujua amebeba nini. Usimlaumu kwa hili, mlaumu kwa tini.

Sikukaa kufikiri watakavyokuangalia wenzako. Nakuambia kweli, sikufikiri kitu chochote isipokuwa maji. Nilijua hukutaka. Uliniandikia waziwazi kwamba hukutaka, na mimi nikakutoa. Sijui niombe msamaha wa namna gani, maana nikiulizwa kama nasikitika kwamba uko hai, siwezi kusema ndiyo.

Nimekwenda kwa Mzee Nampulo jana nikamwambia yote. Akaniambia niende nyumbani.

Idibali


Karthago, tarehe nane Aprili

Idibali,

Nimesoma.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho ni changu. Mume alikuwa wa kuchaguliwa, nyumba ni ya baba, na wewe ulikuwa mtoto wa mama nikakulea mimi. Lile neno "siwezi" lilikuwa langu. Umelichukua ukaweka lako mahali pake, kwa mhuri.

Ungeniacha nife. Ungenililia, ungeniletea uji na divai kaburini kila mwaka kama tunavyowapelekea wengine, na ningekuwa dada yako. Sasa mimi ni nani?

Usiniandikie tena.

Mustia


Vazari, tarehe kumi na tano Aprili

Kwa Mama Mustia, kutoka kwa Nampulo, mzee wa kanisa.

Amani kwako, binti yangu. Afadhali habari hizi uzipate kwangu kuliko kwa wapita njia.

Barua ya amani uliyomwandikia ndugu yako nimeikunja na kuiweka. Siwezi kuipeleka kwa askofu. Mtu ambaye jina lake limo katika hati hawezi kumwombea mwingine. Zaidi ya hapo, ukirudi Vazari itanibidi nikusimamishe nje pamoja na waliofukiza. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili.

Ndugu yako amekuja kwangu akapiga magoti, akasema hukujua lolote. Mimi namwamini. Lakini mwezi Februari wazee wa makanisa ya huku milimani tulikubaliana kwamba neno la aliyefukiza lisipokelewe kanisani, wala la kujitetea wala la kumtetea mtu. Tulifanya hivyo kwa sababu kila aliyeanguka alikuwa anakuja na shahidi wake, na shahidi naye ameanguka, wanashuhudiana wao kwa wao. Aliyeitoa kanuni hiyo ni mimi, na wenzangu wakanisifu kwa busara. Sikujua kwamba atakuja mtu asiye na hatia ambaye shahidi wake ni mmoja tu, na huyo mmoja mdomo wake nimeshaufunga.

Yeye hawezi kurudi ndani bila barua yako. Barua yako haifai bila ushahidi wake. Ushahidi wake haufai kwa kuwa hayumo ndani. Nimelizungusha jambo hili mpaka kichwa kinauma, na sioni pa kuingilia. Askofu hayupo wa kuniambia nimekosea.

Ndugu yako aliniuliza kama hakuna njia kabisa. Nikamwambia, kwa kueleza tu, kwamba aliyefukiza akienda mwenyewe kwa hakimu, akaikana hati na kulikiri Jina, hapo neno lake linarudi kuwa neno. Sikumtuma. Mungu ni shahidi, sikumtuma. Lakini niliuona uso wake alipokuwa anafunga kamba za viatu, na tangu hapo sina raha.

Nampulo


Vazari, tarehe ishirini Aprili

Dada,

Umenikataza kuandika. Hii ni moja tu, kisha nanyamaza.

Nakwenda Karthago kwa hakimu. Nitasema nilifukiza peke yangu, kwamba wewe hukuwepo wala hukukubali, na kwamba na mimi sasa nakataa. Iandikwe hivyo katika vitabu vyao na Mzee Nampulo aletewe nakala. Sina mengine ya kukupa.

Usifikiri nimekuwa shujaa. Nimepita sokoni leo nikaona moshi wa ubani, nikageuza njia. Naviogopa vidole vyangu. Huenda nikafika pale mbele vikafunguka tena, na nitakuwa nimekuaibisha mara ya tatu. Nakuomba unisamehe hata hilo, kama litatokea, ili niende nikiwa nimeshaomba.

Mbuzi wapo kwa Birikti. Ufunguo uko kwa mkewe.

Idibali


Vazari, tarehe nne Mei

Idibali, popote ulipo,

Nimerudi nyumbani, hupo. Barua yako imenipita njiani, nimeikuta imezunguka Karthago na kurudi na Gududi. Tumepishana, wewe unashuka na mimi napanda, labda siku moja, labda barabara moja, na mimi nilikuwa nimejifunika uso ili watu wasinijue.

Nilikuwa nakuja kukugombeza. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mazuri kweli, yangekuliza. Nimefungua mlango, nimekuta umefagia.

Siku ya Bwana nilikwenda kusimama nje. Wale wenzako wakanisogezea nafasi bila kuniuliza. Mmoja akasema, "Hapa ndipo anaposimama Idibali, jua halifiki." Nikasimama hapo. Nilidhani nitakufa kwa aibu, lakini nakuambia si mahali pabaya kama nilivyofikiri. Watu wa pale nje hulia kweli. Nikiwa ndani miaka yote nilikuwa nikiwasikia waliosimamishwa hapo kwa dhambi nyingine wakikohoa, sikujua walikuwa wanalia.

Sasa nisikilize. Nilisema usiniandikie, sikusema uende ukafe. Kama hujafika kwa hakimu, geuka. Kama umefika ukashindwa, njoo hivyo hivyo. Nitasimama nje na wewe mpaka askofu arudi, hata ikiwa miaka kumi. Mimi ni mtu mwenye maneno makali, ulijua hivyo tangu utoto, kwa nini safari hii ukayasadiki?

Rudi, tafadhali.

Dada yako,
Mustia


Vazari, tarehe ishirini na mbili Mei

Kwa ndugu yetu Idibali, gerezani Karthago, kutoka kwa Nampulo.

Nakala ya maneno yako mbele ya hakimu imenifikia. Nimeisoma kanisani, milango ikiwa wazi ili wa nje wasikie. Ulipoulizwa, "Na dada yako?" ukajibu, "Jina lake nimeliiba," nilishindwa kuendelea, shemasi akanimalizia.

Mama Mustia ameingia ndani. Alikuwa hataki. Alisema kama wewe huna kiti na yeye hana, ikabidi nimwambie kwamba wewe sasa una kiti kuliko sisi sote. Alipokea mkate akarudi mahali pake, akavifuta vikombe baada ya ibada kama zamani, bila kusema na mtu.

Wale kumi na wanane wa nje wananisumbua niulize kama utawaandikia barua za amani. Naona haya kukuuliza. Nakuuliza.

Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuonyesha mlango huo.

Nampulo


Karthago, gerezani, tarehe tano Juni

Dada Mustia,

Hatujambo. Maji yapo.

Vidole havikufunguka. Nilivikunja ndani ya ngumi tangu langoni mpaka mbele ya hakimu, mpaka leo kucha zimeacha alama. Hakimu alikuwa mtu mchovu. Aliiangalia hati, akaniangalia mimi, akaniuliza mara tatu kama nina akili timamu, maana hajawahi kuona mtu anayerudisha hati yenye mhuri. Nikamwambia ninazo, ila ni chache. Karani akacheka, hakimu hakucheka.

Namgide bado yuko. Nimemweleza habari zako zote. Alilia sana, akasema nikuombe umsamehe kwa lile la kujifuta mdomo.

Nimewaandikia wale kumi na wanane wote. Sijui kukataa, unanijua. Mkono umechoka ndiyo maana mwandiko ni huu.

Nasikia umeingia ndani. Basi mimi sina shida.

Idibali


Karthago, nje ya gereza, tarehe kumi na tisa Juni

Idibali mdogo wangu,

Umeniandikia "maji yapo." Maneno hayo niliyaanza mimi, kwa hiyo nilipoyasoma nilifunga mzigo siku ile ile.

Nimefika juzi. Nilikwenda dirishani nikakuona, wewe hukuniona. Ulikuwa umeegemea ukuta, mdomo wazi, na yule aliyekuwa pembeni yako alikuwa amefunikwa uso. Nikakuita. Aliitika mtu mwingine.

Mlinzi ni yule yule aliyenitoa. Amenikumbuka. Akasema, "Mama, ukoo wenu una nini?" Kisha akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Hakimu hapendi huyu afie humu, kwa kuwa hati ilikuwa halali. Ameagiza kwamba akija mtu wa kwao akasema huyu hana akili timamu, mambo yafutwe, achukuliwe. Je, ni kweli hana akili?"

Nataka ujue kwamba nilijua kila kitu. Nilijua ushahidi wa mwendawazimu si ushahidi. Nilijua kukiri kwako kutahesabiwa kana kwamba hukusema, na barua zako kumi na nane zitakuwa za kuwashia moto, na mimi nitarudi nje ya mlango, na wewe pamoja nami, na safari hii hakuna wa kututoa hapo. Nilijua kwamba ulitembea njia yote ile ukiviogopa vidole vyako, na kwamba maishani mwako hujawahi kufanya jambo kubwa kama hili. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuandikia kwamba ungeniacha nife.

Nikasema, "Ndiyo. Tangu utoto."

Hakunibana. Aliuliza tu, nikajibu, karani akaandika. Nililiona jina lako wino haujakauka.

Ile barua ya amani ya Februari niliiandika nikiwa juu, wewe uko chini. Nilikusamehe kama mtu anavyomtupia maskini mkate dirishani, na nilijiona mwema. Haikuwa msamaha, Idibali, au ulikuwa mdogo sana. Sijui Mzee Nampulo atasema nini juu yetu, wala sijui Mungu atasema nini. Leo nimesimama pale ulipokuwa umesimama, na sina cha kukusamehe. Mimi ndiye ninayekuomba.

Karani anasema hakimu atapiga mhuri kesho au keshokutwa, kama hatasafiri. Nimemwambia keshokutwa ni mbali. Akasema yeye hana la kufanya. Nimemkabidhi mlinzi mkate, kiriba cha maji na barua hii. Sijui atakupa nini na atabaki na nini.

Wakiliita jina lako, toka. Usibishane nao, usiwaeleze kitu. Nitakuwa nimekaa hapa kwenye jiwe, mkono wa kulia wa lango. Ukitaka kunipita bila kunisalimia, nipite, sitakushika. Lakini kwanza unywe maji.

Dada yako,
Mustia